UHALISIA PEPE NA HUDUMA YA KANISA: UTANGULIZI KWA WACHUNGAJI

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wachungaji na wanafunzi wa theolojia chombo kimoja cha elektroniki ambacho kwa Kiswahili huitwa uhalisia pepe: jinsi kinavyofanya kazi, mambo yanayofanywa nacho, na swali ambalo kinaliweka mbele ya Kanisa. Sisi si mafundi. Tusingalilichukua somo hili kama lisingalitujia lenyewe tukiwa katika ziara ya mafunzo ya huduma pamoja na wanafunzi wetu huko Korogwe na Handeni.

Ilitokea hivi. Mgeni wa usharika rafiki wa Ulaya alikuwa Korogwe wakati ule, naye alichukua mkobani miwani mikubwa myeusi, inayofunika macho yote mawili kama kitambaa. Jioni, katika nyumba ya usharika, wanafunzi waliivaa mmoja baada ya mwingine, wakaona mitaa ya Yerusalemu na ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Mmoja wao alilia machozi, na wenzake walimheshimu kwa kunyamaza. Kesho yake tulikwenda Handeni, na huko bibi mmoja, mwanakwaya wa siku nyingi, akaomba naye aone. Aliketi kwenye kiti, akageuza kichwa huku na huku kwa muda mrefu. Tulipomvua miwani alisema, “Baba Mchungaji, mbona mikono yangu sikuiona?” Kisha akauliza la pili: “Na wale watu, nao waliniona?”

Kabla ya kuondoka, mgeni alitoa ombi kwa wazee wa usharika. Alitaka kurudi wakati wa kiangazi na kamera ipigayo pande zote kwa mara moja, apige picha za akina mama wakifuata maji, ili Wakristo wa kwao wavae miwani na kujiona kana kwamba wapo Handeni. Alikuwa na nia njema. Hilo hatulitilii shaka. Wazee walitugeukia sisi wakauliza, tumjibuje? Makala haya yamezaliwa na swali hilo.

Jina lenyewe

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hivi lilienezwa katika miaka ya 1980 na Jaron Lanier wa Marekani, ambaye kampuni yake, VPL Research, ilitengeneza miwani na glavu za kazi hiyo. Watu wetu walipotafuta neno la Kiswahili walifuata mfano wa baruapepe. Mwinjilisti mmoja alituuliza kama pepe hiyo ina uhusiano na pepo. Haina, imetoka kwenye upepo, kitu kipitacho hewani. Hata hivyo neno hilo lina maana nyingine, ambayo wakulima wa mpunga wa Mombo wanaijua kuliko waandishi wa kamusi: pepe ni punje iliyo na ganda zima na ndani haina kitu. Ukiitazama shambani huitofautishi na nyingine. Utaitambua utakapopepeta. Hatusemi kwamba chombo hiki ni cha kutupwa pamoja na makapi ya Zaburi ya kwanza. Tunasema tu kwamba waliotupa jina hilo, wakijua au wasijue, wametupa na ungo.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Msomaji anyoshe kidole mbele ya pua, afumbe jicho moja, kisha alifumbue na kulifumba la pili. Kidole kitaonekana kuruka. Kila jicho huona picha yake, na akili huziunganisha picha mbili kuwa kitu kimoja chenye umbali na kina. Mwingereza Charles Wheatstone aliyaeleza haya mwaka 1838, akatengeneza chombo cha vioo kilicholipa kila jicho mchoro wake. Aliyetazama aliona umbo lililosimama badala ya karatasi mbili bapa. Miwani ya leo hutumia kanuni ile ile. Ndani yake mna vioo vya elektroniki kama vya simu, mbele ya kila jicho lenzi moja, na kila jicho hupewa picha yake.

Kilichoongezwa ni mwendo wa kichwa. Vihisio vidogo hutambua kichwa kimegeukia wapi, na kompyuta huichora picha upya, mara 72, 90 au zaidi kwa kila sekunde, ili ukigeuka kulia uone kilicho kulia. Ivan Sutherland na wanafunzi wake walionyesha chombo cha namna hiyo nchini Marekani mwaka 1968. Kilikuwa kizito mno hata kikaning'inizwa darini, na watu wakakitania kwa jina la upanga wa Damocles. Kwa miaka mingi kilibaki mali ya maabara na majeshi. Mwaka 2012 kijana Palmer Luckey alichangisha fedha za watu wa kawaida kwa ajili ya miwani yake iliyoitwa Oculus Rift. Mwaka 2014 kampuni ya Facebook iliinunua kampuni yake kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 2. Mwaka huo huo Google ilitoa miwani ya karatasi ngumu, ya kutia simu ndani yake. Iliacha kuiuza mwaka 2021. Miwani kamili ya bei nafuu, kama Meta Quest 3S ya mwaka 2024, ilianza kuuzwa huko Marekani kwa dola 299. Kwa usharika wa kijijini bado ni fedha nyingi.

Picha ikichelewa hata kidogo kufuata kichwa, mtu huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua hali hiyo. Katika kona zile sikio la ndani huhisi mwili unayumbishwa, wakati macho yanayotazama kiti cha mbele husema umetulia. Katika miwani mambo hugeuka: macho husema unakwenda, na sikio husema umeketi. Mwili hautaki mashahidi wawili wasiopatana. Kwa hiyo mzee apewe kiti, na muda uwe mfupi.

Kuna aina mbili za kazi hizi, na kuzichanganya ndiko kunakoleta maneno mengi. Aina ya kwanza ni picha halisi za mahali, zilizopigwa kwa kamera yenye lenzi nyingi zinazotazama pande zote. Anayezitazama anawekwa pale kamera iliposimama. Anaweza kugeuka, hawezi kusogea, kugusa wala kujibu. Akiinamisha kichwa kujitazama, hana mwili. Aina ya pili ni ulimwengu uliochorwa na kompyuta, ambamo mtu hutembea, hushika vitu, na huona mikono iliyochorwa ikifuata mikono yake. Aliyoona bibi yetu ni ya aina ya kwanza. Swali lake kuhusu mikono, ambalo mgeni alilichekea kwa upole, lilikuwa sahihi kiufundi kuliko maelezo yote tuliyokuwa tumempa.

Tuongeze jambo moja dogo, ambalo tutalirudia. Kwa kuwa kamera hiyo huona pande zote, mpiga picha hana nyuma ya kusimama. Akitaka asionekane, huiweka kamera juu ya mguu wake, kisha huenda kujificha nyuma ya ukuta au mti mpaka picha iishe.

Kazi zake

Mafunzo ndiyo kazi iliyothibitika zaidi. Babu wa vyombo hivi ni kifaa cha kufundishia marubani alichokitengeneza Edwin Link mwaka 1929, naye alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda. Mivukuto ileile inayopuliza kinanda ndiyo aliyoitumia kuyumbisha ndege yake ya mbao isiyoruka. Mwanafunzi alikosea, akaanguka, akainuka bila jeraha. Madaktari wa upasuaji walikuja kuufuata mfano huo: utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa na madaktari wanafunzi 16 katika Chuo Kikuu cha Yale, ulionyesha kwamba waliojizoeza kwanza kwa chombo hiki walifanya kazi ya kutenga kibofu cha nyongo kwa haraka zaidi kwa asilimia 29 na kwa makosa machache zaidi. Karibu nasi, nchini Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza programu iitwayo LIFE, inayomfundisha mhudumu wa afya hatua za kumwokoa mtoto mchanga asiyepumua, kwa simu ya mkononi na kwa miwani pia. Muuguzi wa zahanati anaweza kukaa miezi bila kukutana na hali hiyo, kisha ikamjia usiku mmoja. Aliyewahi kuitwa kuzika kichanga hatahitaji kuelezwa thamani ya mafunzo hayo.

Miwani hutumika pia kupunguza maumivu. Huko Seattle, tangu miaka ya 1990, wagonjwa walioungua wameonyeshwa bonde la theluji wakati vidonda vyao vinasafishwa, na maumivu yao yamepungua kwa sababu akili ina mahali pengine pa kwenda. Wenye hofu kuu ya urefu wamezoezwa kidogo kidogo mpaka wakaishinda.

Ipo na kazi ya kuonyesha mahali. Njia za Gombe, mkoani Kigoma, zilipigwa picha za pande zote na kuwekwa kwenye ramani za Google mwaka 2014. Mwaka 2019 ilianza kazi kubwa ya kuipiga Zanzibar, mitaa yake na fukwe zake, na ndani yake wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuzibeba kamera wao wenyewe. Tunalitaja hilo la mwisho kwa makusudi.

Inabaki kazi iliyotuletea ombi la Handeni, nayo ni kuamsha huruma. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulionyesha filamu ya namna hii inayomfuata Sidra, msichana wa miaka 12 kutoka Syria, katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari nchini Jordan. Wakuu wa dunia waliokutana Davos waliivalia miwani. Chris Milk, mmoja wa walioitengeneza, alikiita chombo hiki mashine ya huruma iliyo kuu kuliko zote. Wengine walimpinga, akiwamo mwanasaikolojia Paul Bloom mwaka 2017, aliyesema kwamba shida ya mkimbizi haimo katika mandhari ya kambi. Imo katika kutojua lini utaondoka, na mwenye miwani anajua kwamba ataivua wakati wowote apendao.

Vugiri, 1935 hadi 1937

Wengi hudhani kwamba swali la picha na watu wetu limeletwa na miwani. Nchi ya Korogwe ilikwisha kuliona zamani. Juu ya mji, katika milima ya Usambara, ipo Vugiri, na hapo ndipo yalipokuwa makao ya Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Jaribio hilo halikuanzishwa na wafanyabiashara wa burudani. Lilianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa wazo la Mmarekani J. Merle Davis, ambaye alikuwa ameongoza uchunguzi juu ya maisha ya Waafrika katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na kuona jinsi mambo mapya yalivyowavamia watu bila maelezo. Fedha zilitolewa na Shirika la Carnegie la New York. Waliolisimamia ni L. A. Notcutt, aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge na ambaye alikwisha kujaribu sinema kwa wafanyakazi wake, na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini.

Kwa muda wa miaka miwili hivi zilitengenezwa filamu zipatazo 35: juu ya safura, malaria ya watoto, ngozi, chai, kodi, mmomonyoko wa udongo, na hadithi kama ile ya Sungura na Chui. Ya kwanza ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: watu wawili wana fedha, mmoja anazifukia ardhini na mwizi anazichukua, mwenzake anaziweka benki. Mhubiri yeyote atauona mfano wa talanta ukichungulia hapo, ingawa katika Mathayo 25 mtumwa hakuibiwa. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, kisha lori lenye mashine ya umeme lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na makumi ya maelfu ya watu walikusanyika gizani kutazama.

Hatupendi kuwadharau watu hao. Mafunzo ya safura yalikuwa ya kweli na ya lazima, nao waliwatazama watazamaji wao na kukusanya maoni yao, jambo ambalo watengenezaji wengi wa filamu hawalifanyi hata leo. Lakini ripoti waliyoitoa mwaka 1937 imejaa dhana kwamba Mwafrika ni mtoto mbele ya picha: aonyeshwe polepole, aonyeshwe yaliyo rahisi, alindwe na sinema za Ulaya na Marekani zisije zikampotosha. Aliyejua alikuwa nyuma ya kamera, na aliyefundishwa alikuwa mbele yake. Hakuna aliyefikiri kubadilisha nafasi hizo. Fedha za Carnegie zilipokwisha mwaka 1937, serikali za Afrika Mashariki hazikuendeleza kazi. Kwa kadiri inavyojulikana, filamu tatu tu ndizo zilizosalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Watu wa Vugiri na Korogwe walioigiza katika nyingine wamepotea pamoja nazo.

Tunapendekeza habari hii ifundishwe katika vyuo vyetu, katika somo la historia ya Kanisa. Ni ya kwetu, na misioni ndiyo iliyoifanya.

Kuwapo kwa Bwana na kuwapo kwetu

Tuje sasa kwenye theolojia. Chombo hiki huuza kitu kimoja, nacho ni hisia ya kuwapo. Kanisa la Kilutheri haliwezi kulipita neno hilo haraka, kwa sababu baba zetu waligawanyika juu yake. Huko Marburg mwaka 1529, Luther na Zwingli walikubaliana karibu katika mambo yote, wakaachana juu ya kuwapo kwa mwili wa Kristo katika Chakula cha Bwana. Luther aliyaandika maneno ya Bwana kwa chaki juu ya meza, asije akasahau alichosimamia.

Swali limekwisha kuwa la vitendo. Mwaka 2016 mchungaji D. J. Soto wa Marekani alianzisha kanisa linalokutana ndani ya miwani tu, na humo amewabatiza watu kwa maji yaliyochorwa. Mwanafunzi mmoja alitujengea hoja yenye akili: ikiwa Luther alifundisha kwamba Kristo hafungwi na mahali, kwa nini asiwepo ndani ya miwani? Tunajibu kwa maneno ya Luther mwenyewe, kwa maana yake. Alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1527, alipambanua kati ya Kristo kuwapo na Kristo kuwapo kwa ajili yako. Yupo kila mahali, wala hututumi tumpapase kila mahali. Ametuahidi tumpate pale alipojifunga kwa Neno lake, katika maji haya, mkate huu na divai hii. Hatumwekei Bwana mipaka. Tunashika ahadi tulizopewa, na maji yaliyochorwa hayakuahidiwa kitu. Ungamo la Augsburg, katika ibara ya saba, linalieleza Kanisa kuwa kusanyiko ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Injili yaweza kusikiwa kwa redio, kwa simu na kwa miwani. Ubatizo unataka maji yanayolowesha.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kukataa. Mtume Paulo alihudumia sharika nyingi asipokuwapo, naye aliwaandikia Wakolosai (2:5) kwamba hayupo kwa mwili ila yupo nao kwa roho. Mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana (aya ya 12) alikuwa na karatasi na wino, akazitumia, akasema pia kwamba anatumaini kufika na kuonana uso kwa uso. Huo ndio mpangilio tunaouona kuwa sawa: chombo cha mbali kinachotamani kufika. Mgonjwa aliyelala miezi wodini akionyeshwa ibada ya usharika wake, hiyo ni barua njema. Mchungaji akiridhika kumpelekea miwani na asifike mwenyewe, barua imekula safari. Na yule mwanafunzi aliyelia alipoiona Kaburi Takatifu hakudanganywa; alisoma barua kutoka Yerusalemu.

Hapa swali la pili la bibi linarudi. Nao waliniona? Katika Yohana 20 Bwana alimwonyesha Tomaso majeraha, akamwacha akaribie. Aliyetazamwa ndiye aliyeita. Katika Mathayo 25 waliobarikiwa walikwenda kwa mgonjwa na mfungwa, na hao waliwaona wakiingia mlangoni. Kuwapo kwa Kikristo kuna macho pande zote mbili. Miwani ya aina ya kwanza humpa mtazamaji macho na kumwondolea uso. Anaweza kumkodolea mama mwenye ndoo kwa namna ambayo, kama angalikuwapo kweli, adabu ingalimzuia. Angalisalimu, angaliulizwa ametoka wapi, na pengine angalipokezwa ndoo.

Jibu kwa mgeni

Wazee hawakukataa ombi. Handeni imesumbuliwa na shida ya maji kwa muda mrefu, na wazee hao hawana anasa ya kumfukuza anayetaka kuieleza huko ng'ambo. Walitoa masharti. Filamu ionyeshwe kwanza kijijini, kwa maelezo ya Kiswahili na Kizigua, na yeyote asiyetaka kuonekana aondolewe. Nakala moja ibaki katika usharika. Na mgeni alete pia filamu ya usharika wake mwenyewe, nyumba zao na meza zao, ili wa Handeni nao wavae miwani na kuwatazama.

Mgeni alikubali la kwanza na la tatu papo hapo. Juu ya nakala alisema atawauliza wenzake. Ndipo bibi, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua maharage, akataka kujua kama ni kweli kwamba mpiga picha hujificha nyuma ya mti. Tulimwambia ni kweli. Akasema yeye hatajitwika ndoo mbele ya mtu aliyejificha. Kijana na asimame pale pale kisimani, naye ajitwike ya kwake, mpaka nyumbani. Wazee waliliandika hilo kuwa sharti la nne.